Haki za Mzazi Katika Arubaini Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahimi.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanaadamu katika tumbo la mamaye umbo baada ya umbo. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Jua, ewe ndugu, ya kwamba mke akijifungua, khabari hutangaa mtaani, baba akapewa mkono wa pongezi, na siku ya saba ikapigwa hesabu ya mbuzi na mchele na wageni. Hayo ni mema. Walakini aliyetaabika ni mwingine, naye yu ndani, mlango umerudishwa. Na waume wengi hudhani ya kuwa mambo ya ndani ni ya mama mkwe na mkunga, wao hayawahusu mpaka arubaini itoke. Dhana hii haina asili katika sharia.

Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura ya Maryamu, aya ya 23 hata 26, hali ya Bibi Maryamu uchungu ulipomshika naye yu peke yake penye shina la mtende, hata akatamani lau angalikufa kabla ya siku ile. Jawabu lililomjia halikuwa lawama wala mawaidha marefu. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji, akaamrishwa autikise mtende umwangushie tende mbivu, ale, anywe, na jicho lake litulie. Maji, chakula, na kutulizwa moyo. Bibi Maryamu hakuwa na mume wa kumtendea hayo, basi Mola wake alimtosheleza. Yule mwenye mume, nani atakayeulizwa juu yake?

Tuanze na nifasi, kwani hapa ndipo ada na sharia zilipochanganyika. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, uchache wa nifasi ni lahadha, yaani kitambo kidogo tu. Ghalibu yake ni siku 40. Na wingi wake ni siku 60. Maana yake ni kwamba siku 40 si mpaka uliowekwa, bali ni khabari ya wanawake walio wengi. Mwanamke akikatikiwa na damu siku ya 20, ataoga, atasali, na atafunga ikiwa ni Ramadhani, wala si halali kumwambia angoje arubaini. Sala alizoziacha kwa kungoja, hali ya kuwa ametahirika, ni deni juu yake, azilipe. Na yule ambaye damu yake yaendelea hata siku ya 50 hakutoka katika nifasi kwa sababu tu watu wamekwisha kumfukiza udi na kumtoa nje. Mumewe na ajizuie, wala asitoe hoja kwamba siku zimetimia. Ikipita siku 60, hiyo ni istihadha, ina hukumu zake, tena ni jambo la kumwonyesha tabibu.

Na maji ya josho lake la nifasi, ikiwa hununuliwa, thamani yake ni juu ya mume. Hivyo ndivyo alivyoandika Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277) katika Minhaj. Josho la hedhi hakumlazimisha mume kulilipia. La nifasi kamlazimisha, kwani mume ndiye sababu yake. Tazama jinsi maulamaa walivyoingia hata katika hesabu ya ndoo ya maji, na leo mtu hajui kama mtungi wa nyumbani kwake umejaa au mtupu.

Walakini arubaini kwa maana ya kupumzika ni ada njema, wala haipasi kuvunjwa. Tumbo la uzazi hurejea hali yake polepole, katika muda wa kama wiki sita. Basi mzazi aliyetahirika mapema huanza kusali, lakini haanzi kutwanga wala kuchota maji. Akishindwa kusimama katika sala husali kaketi. Ada ya kumkanda kwa maji ya moto huwapa wengine faraja. Ila maji yasiwe ya kuunguza, wala asikandwe aliyepasuliwa tumbo. Na chakula chake kisipunguzwe kwa hofu za wazee kwamba samaki hiki na mboga ile vitamdhuru. Uji wa pilipili manga ni mzuri, walakini uji peke yake hautoshi. Mwenye kunyonyesha anahitaji chakula zaidi ya alivyokuwa kabla ya mimba: samaki, nyama, mayai, kunde, mchicha, matunda, na maji mengi ya kunywa.

Ama mtoto, haki yake ya kwanza ni maziwa ya kwanza ya mamaye, yale mazito ya rangi ya manjano, ambayo Waarabu huyaita libaa na baadhi ya watu huyaita dang'a. Katika miji yetu wako wayamwagao wakidhani ni uchafu, wakampa mtoto maji ya sukari siku mbili tatu mpaka maziwa meupe yaje. Hili ni kosa kubwa. Fukahaa wa Kishafii wamesema ni wajibu juu ya mama kumnyonyesha mwanawe libaa, kwani mtoto kwa ghalibu haishi ila kwayo. Waliandika hivyo karne nyingi kabla ya matabibu wa leo kubainisha kwamba maziwa yale yana kinga ya maradhi, na kwamba mtoto atiwe ziwani katika saa ya kwanza ya kuzaliwa kwake. Baada ya hapo matabibu wasema anyonye tu, pasipo maji wala uji, mpaka atimize miezi sita. Kisha apewe chakula pamoja na ziwa mpaka miaka miwili, nayo ndiyo miaka miwili kamili iliyotajwa katika Sura ya Baqara, aya ya 233. Atakaye kumfanyia mtoto tahniki kwa kufuata sunna, na atumie tende laini kidogo tu, kwa mkono uliooshwa. Asali isitumike, kwani asali yaweza kumwingizia mtoto ambaye hajatimiza mwaka ugonjwa wa sumu unaolegeza viungo na kuua.

Na mke akitaka kumnyonyesha mwanawe, mume hana haki ya kumzuia. Imamu Rafii aliona kuwa anayo haki hiyo. Imamu Nawawi akafuatishia kwa kauli yake mwenyewe kwamba lililo sahihi zaidi ni kuwa hanayo, na ndivyo walivyosahihisha walio wengi.

Kitovu cha mtoto kiachwe kikavu na kisafi. Majivu, mavi ya ng'ombe na mavumbi ya ukutani huleta pepopunda, na mtoto mchanga mwenye pepopunda ni wachache wapatao kupona. Apate pia chanjo zake. Ile ya kifua kikuu na ile ya polio hutolewa tangu anapozaliwa.

Mas'ala. Mtu akisema: imeandikwa kitabuni ya kuwa thamani ya dawa na ujira wa tabibu si katika nafaka ya mke, basi akishikwa na homa baada ya kuzaa, gharama yake ni juu ya babaye au juu yake mwenyewe.

Jawabu: ni kweli yameandikwa hayo katika vitabu vyetu, wala hayafichwi. Lakini mwenye kuyasoma na asome na yanayofuata, kwani pale pale imeandikwa ya kwamba chakula cha siku za ugonjwa na kitoweo chake ni haki ya mke. Na ya kwamba mke aliyezoea kujitumikia mwenyewe, akihitaji mtumishi kwa sababu ya ugonjwa, ni wajibu juu ya mume kumpatia. Mbona haya hayatajwi barazani? Tena nafaka ni ile kadri ambayo kadhi humlazimisha mtu kuitoa. Nayo Sura ya Nisaa, aya ya 19, imeamrisha kukaa na wake kwa wema, na wema ni mpana kuliko nafaka. Zamani tiba haikuwa katika haja za msingi za watu. Sheikh Wahba Zuhaili wa Sham, aliyefariki mwaka 2015, ameeleza kwamba leo haja ya dawa ni kama haja ya chakula, bali ni kubwa zaidi, na kwa hivyo gharama ya tiba ni juu ya mume. Na hata kwa kauli ya zamani, mtu aliyeambiwa kuwa malipo si juu yake hakupewa ruhusa ya kumweka mgonjwa ndani mpaka afe.

Hapa ndipo penye khatari yenyewe. Siku ya kujifungua na siku zinazoifuata ndizo siku ambazo wazazi hufa zaidi, na kutoka damu ndiko kunakowaua wengi wao. Damu ikijaza kitambaa katika muda wa saa moja, au ikirudi kuwa nyingi na nyekundu baada ya kupungua, hiyo si nifasi ya kungojewa. Homa pamoja na uchafu wenye harufu mbaya, kuumwa na kichwa sana na macho kuona kiza, pumzi kubana, mguu mmoja kuvimba na kuuma: yote haya ni ya hospitali siku ile ile, hata ikiwa ni usiku. Na akishikwa na kifafa, kukamaa viungo na kuzimia, watu husema amepandwa na shetani, wakaanza kutafuta mganga na ubani. Ugonjwa huu ni kifafa cha mimba, nao huweza kuja hata baada ya mtoto kuzaliwa, na una dawa. Mwenye kutaka kumsomea Qurani na amsomee njiani. Mtoto naye akikataa ziwa, akahema upesi, akawa wa moto au wa baridi, au viganja na nyayo zikageuka manjano, asilazwe nyumbani kungojea kuche.

Wazazi wangapi wamecheleweshwa kwa neno moja: mwenyewe hayupo! Mume yu baharini, au shamba, au safarini, na jamaa wanaogopa kumtoa mwanamke nyumbani pasina idhini yake. Idhini na itolewe mapema, mimba ikiwa bado tumboni, mbele ya mama mkwe na ndugu, kwamba likizuka jambo apelekwe mara moja. Na fedha za chombo na tabibu ziwekwe mahali panapojulikana. Sayyidna Uthmani bin Affan hakuhudhuria Badri kwa sababu Bibi Rukiya, mkewe, binti wa Mtume (S.A.W.), alikuwa mgonjwa, na Mtume ndiye aliyemwamuru abaki amuuguze; kisha akampa fungu lake la ngawira na akamwambia ana thawabu za aliyehudhuria. Ikiwa Badri iliachwa kwa ajili ya mke mgonjwa, duka na jahazi ni kitu gani?

Hata akiwa mzima, mzazi na mwanawe waangaliwe na mkunga au tabibu katika siku ya kwanza, kisha siku ya pili au ya tatu, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya sita, ambayo huangukia karibu na arubaini yenyewe. Na akiwa hulia pasipo sababu siku chache za mwanzo, hiyo ni hali ya wengi, na dawa yake ni usingizi na maneno mazuri. Ikizidi wiki mbili, akawa hali, halali, hamtaki mtoto, huo ni ugonjwa kama homa. Asitukanwe kuwa ana imani dhaifu.

Ama akika, ni sunna, wala si faradhi: mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike, siku ya saba, pamoja na kumnyoa nywele na kumpa jina. Asiye na uwezo hatakiwi kuifanya, na akipata uwezo kabla siku 60 hazijapita, sunna bado yamngoja. Basi mwenye kukopa ili alishe mtaa mzima, na mkewe ndani hana maziwa wala samaki, ametanguliza sunna mbele ya wajibu. Mguu wa mbuzi wa akika ni sunna kupewa mkunga. Hili limesahauliwa na wengi, nao wakunga wamelikumbuka.

Imebaki saumu. Mwenye nifasi hafungi, na hulipa siku zake baadaye. Aliyetahirika naye ananyonyesha, akichelea kudhurika nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, atafungua na kulipa, wala hana fidia. Akichelea mtoto peke yake, kwa mfano maziwa kupungua, atafungua na kulipa, na killa siku atatoa mudi moja ya chakula cha mji, ambayo ni karibu ya kibaba cha mchele, apewe maskini. Fidia hii ni katika mali yake mke. Mume akimtolea kwa idhini yake, imetosha.

Wallahu aalam.