Panga Ng'ombe kwa Majani ya Agosti

Wafugaji wengi wa Masisi huamua idadi ya ng'ombe mwezi wa Novemba, milima ikiwa kijani. Hesabu hiyo inadanganya. Mifugo ipangwe kwa majani ya Julai na Agosti, tena ya mwaka mbaya.

Misimu ya kilimo bado ina majina yaleyale: A huanza Septemba, B katikati ya Februari, na C hulimwa mabondeni wakati wa kiangazi. Lakini joto la ukanda wetu limepanda kwa miongo kadhaa, na mvua kubwa zinazidi kuwa kali. Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliua mamia ya watu Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe tunakopakana nako.

Anza na kopo la kupimia mvua. Tafuta lenye kuta zilizonyooka, kama la maziwa ya unga, ulifunge kwenye kigingi mahali peupe, mbali na miti na paa. Kila asubuhi tumbukiza rula ya mwanafunzi, andika milimita kwenye daftari, kisha mwaga maji. Andika pia siku majani yalipochipua na siku maziwa yalipopungua. Mwaka mmoja haukuambii kitu. Mitano inaanza kukuonyesha mwelekeo.

Sasa piga hesabu. Ng'ombe wa kilo 400 hula karibu kilo 40 za majani mabichi kwa siku, au kilo 10 hivi yakiwa makavu. Siku 60 za ukame zinadai kilo 600 za majani makavu kwa kila kichwa. Huna? Uza Mei, mnyama akiwa bado amenona, ukianza na majike yasiyozaa na madume ya ziada. Anayesubiri Agosti huuza mifupa.

Majani ya akiba yakatwe yakianza kuchanua, yageuzwe juani mpaka yavunjike mkononi, yawekwe juu ya uchanja chini ya paa. Kwenye miteremko panda setaria au tripsakamu kwa mistari inayokatiza mlima, na kaliandra pembezoni: mizizi yake hushika udongo, majani yake hulisha. Ligawe pia lisho, kila sehemu ipumzike hadi majani yarudi. Na msiache kuogesha ng'ombe. Joto likiongezeka, kupe hupata nafasi ya kuishi juu zaidi milimani, na ugonjwa wa ndigana hufuata.

Kwa jirani zetu wa msituni, Walikale, ni habari nyingine. Soko la nyama kwenye machimbo ya Bisie linashawishi, lakini msifyeke msitu mpate lisho: udongo wake ukishavuliwa miti huchoka upesi. Kuku, mbuzi wa bandani na simbilisi, wale tunaowaita dende, wanatosha.

Vyama vya wafugaji, kusanyeni madaftari ya Ngungu, Mweso na Kitchanga mahali pamoja. Mvua ya kilima kimoja haitoshi kupangia wilaya nzima.