SOMO: ZAWADI YA RAFIKI



Tukisikia kwamba mkubwa wa polisi ameshirikiana na wauza madawa ya kulevya, tunamfikiria mtu anayesafirisha mizigo usiku. Kumbe mara nyingi jambo hili huanza mchana kweupe, kwa urafiki na zawadi.

Jackie Selebi wa Afrika Kusini alikuwa mwalimu wa historia, kisha mpigania uhuru, kisha balozi. Mwaka 2000 aliwekwa kuwa Kamishna Mkuu wa polisi wa nchi yake, na mwaka 2004 akachaguliwa kuwa Rais wa Interpol, yaani umoja wa polisi wa mataifa.

Rafiki yake alikuwa mfanyabiashara Glenn Agliotti, ambaye mwaka 2007 alikiri mahakamani kosa la biashara ya madawa ya kulevya. Mahakama iliona kwamba Selebi alipokea kwake angalau randi 120,000. Je, alimlipa nini? Hakumbebea mzigo wo wote. Alimwonyesha ripoti ya siri iliyotoka Uingereza, iliyomhusu Agliotti mwenyewe.

Tupime uzito wa jambo hili. Mhalifu akijua polisi wanajua nini juu yake, atabadili njia zake. Tena, mzazi apelekaye habari kituoni ili kuokoa vijana wa mtaa wake hutegemea siri itunzwe. Siri ikiuzwa, mzazi huyo yumo hatarini, na majirani watanyamaza.

Kesi haikuwa rahisi. Mkuu wa waendesha mashtaka, Vusi Pikoli, alisimamishwa kazi Septemba 2007, baada ya ofisi yake kupata hati ya kumkamata Selebi. Hata hivyo kesi iliendelea. Julai 2010 Selebi alitiwa hatiani kwa rushwa, na mwezi uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Rufani yake ilikataliwa Desemba 2011. Mwaka 2012 alitolewa gerezani kwa sababu ya ugonjwa, akafariki Januari 2015.

Basi tushike hili: mtoa zawadi hakununua mikono ya Selebi, alinunua kiti alichokalia. Siku atakapoondoka kitini, zawadi nazo zitakoma.

Maswali ya kujadiliana:

1. Twasema, “Mkono mtupu haulambwi.” Je, methali hii yafaa mbele ya meza ya ofisi?

2. Utatambuaje zawadi ya upendo na zawadi inayosubiri malipo?

3. Sisi tunaompa askari “chai” ili atuachie, tuna tofauti gani na Agliotti?