Chai ya Kijani: Faida Zake na Namna ya Kuinywa Nyumbani

Chai ya kijani na majani meusi tunayopikia kila asubuhi hutoka kwenye mchai uleule unaolimwa Kericho, Mufindi na Rungwe. Tofauti yake huanzia kiwandani. Jani la chai nyeusi hunyaushwa, husagwa, kisha huachwa lipate hewa mpaka ligeuke rangi. La chai ya kijani hupigwa mvuke au hukaangwa mapema ili lisigeuke, hivyo hubaki na kiasi kikubwa cha kemikali ziitwazo katekini. Hizo ndizo zinazosifiwa kwa kulinda mishipa ya damu.

Sifa hizo zina msingi, ila zina mipaka. Katika mkoa wa Miyagi nchini Japani, watafiti walianza mwaka 1994 kufuatilia afya za watu wazima 40,530, na mwaka 2006 wakatangaza walichokiona. Waliokunywa vikombe 5 au zaidi kwa siku walikufa kwa uchache zaidi kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu kuliko waliokunywa chini ya kikombe kimoja, hasa wanawake. Vifo vya saratani havikutofautiana. Kikombe cha huko ni cha mililita 100 tu, kwa hiyo vikombe vyao 5 ni sawa na vikombe vyetu vikubwa viwili. Hata hivyo, utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kuthibitisha kwamba chai peke yake ndiyo iliyowakinga.

Majaribio mengine yameonyesha kwamba chai hii hushusha kidogo mafuta mabaya ya damu na shinikizo la damu. Kupunguza unene, ambako ndiko wauzaji wengi wanakokutangaza, ni kwa kiasi kidogo mno. Kwa hiyo mwenye presha au kisukari asiache vidonge vyake hata siku moja kwa sababu ya chai.

Faida kubwa kuliko zote kwa nyumba zetu, kwa maoni yangu, iko kwenye bakuli la sukari. Anayetia vijiko 3 vya chai katika kila kikombe, akanywa vikombe 3, amekula takriban gramu 36 za sukari kabla hujahesabu soda na maandazi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku kwa jumla, na ni bora zaidi akibaki chini ya 25. Chai ya kijani hunyweka bila sukari, mradi ipikwe vizuri. Ukiitia asali kwa wingi, umerudi palepale.

Wengi huionja mara moja wakaiacha kwa uchungu, na uchungu huo mara nyingi ni wa mapishi. Usiichemshe sufuriani kama chai ya maziwa. Chemsha maji, epua, yaache yatulie dakika chache. Weka kijiko kimoja cha majani kwenye birika, mimina maji, funika. Baada ya dakika 2 au 3 chuja yote, kwani majani yakiendelea kulowa chai huwa kali. Ikiiva vizuri huwa na rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani. Kipande cha ndimu au tangawizi huipa ladha.

Kisha isubiri ipoe. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani hiyo inasumbua sana ukanda wetu wa Afrika Mashariki, na huku kwetu chai humiminwa kutoka kwenye chupa ikiwa bado inafuka. Kama inakulazimu kuivuta kwa sauti ili isikuunguze, bado ni ya moto mno.

Jambo jingine ni mlo. Chai, ya kijani au nyeusi, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, dengu na mboga za majani. Inywe saa moja hivi baada ya kula, wala usiitumie kumezea vidonge vya kuongeza damu. Mama mjamzito na mwenye upungufu wa damu wazingatie hili zaidi. Mjamzito anywe kwa kiasi, maana chai hii ina kafeini. Watoto wadogo wasipewe. Anayekosa usingizi asiinywe jioni. Anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande amweleze daktari kabla ya kuanza kuinywa kwa wingi.

Vidonge na unga uliokolezwa vinavyouzwa kwa jina la chai ya kijani havifanani na kikombe. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya mwaka 2018 kwamba gramu 0.8 au zaidi kwa siku za katekini kuu ya chai hii, zikinywewa kama vidonge, zinaweza kudhuru ini. Aliyevimeza akiona macho yamekuwa ya manjano, mkojo umekuwa wa rangi ya kahawia au anachefuka bila kukoma, aviache mara moja, aende kituo cha afya siku hiyohiyo na achukue kopo lenyewe amwonyeshe mganga.