Kupotelewa, Kufiwa na Kuachwa: Tusome "Petit Pays"

Safari hii tunasoma riwaya ya picha, na kabla hujasema "ah, katuni ni za watoto," nakuomba uvumilie kidogo.

Kitabu ni Petit Pays, yaani "Nchi Ndogo". Kilianza kama riwaya ya kawaida mwaka 2016. Mwandishi ni Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura 1982 akahamia Ufaransa 1995 kwa ajili ya vita. Mwaka 2024 Marzena Sowa na Sylvain Savoia wakaigeuza kuwa riwaya ya picha. Kama Kifaransa kinakupiga chenga, hapa Bellevue hukosi msaada. Rockey Street haikosi ndugu wa Kongo na Burundi wa kukutafsiria.

Gaby ni mtoto wa Bujumbura. Baba Mfaransa, mama yake Yvonne ni mkimbizi wa Kitutsi kutoka Rwanda. Hadithi inaanza kabla Rais Ndadaye hajauawa Oktoba 1993, inapita kwenye vita vya Burundi na mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Ili tuielewe vizuri, tutumie maneno matatu ya Kiswahili chetu.

1. Kupotelewa. Gaby anaibiwa baiskeli. Baadaye anapotelewa na vikubwa zaidi: mtaa wake, marafiki, na ule utoto wa kuiba maembe.

2. Kufiwa. Mjomba Pacifique anakufa Rwanda. Ndugu wa upande wa mama wanauawa, watoto kwa wakubwa. Baba naye anauawa baada ya Gaby na dada yake Ana kupelekwa Ufaransa.

3. Kuachwa. Hapa ndipo penye kisu. Kwanza wazazi wanatengana, mama anahama nyumba. Halafu anakwenda Rwanda kutafuta ndugu zake, anakuta maiti. Anarudi Bujumbura mzima wa mwili, lakini yule mama waliyemjua hakurudi. Usiku anamsimulia Ana, mtoto mdogo jamani, yale aliyoyaona. Mwishowe anatoweka. Miaka mingi baadaye Gaby, mtu mzima sasa, anamkuta kwenye kilabu cha pombe. Mama anamwita kwa jina la mtoto mwingine, aliyekufa Rwanda.

Sasa angalia tofauti. Ukifiwa, watu wanakuja. Kuna matanga, kuna pole, kuna siku ya kuanua. Ukiachwa na mtu aliye hai, nani anakuja kukupa pole? Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uchungu wa kuachwa na mzazi, je, anaujua nani? Mtoto anabaki nao peke yake, na mara nyingi anadhani kosa ni lake.

Na kwa nini picha? Kwa sababu kati ya fremu moja na nyingine kuna nafasi nyeupe, na linalotokea hapo msomaji analijaza mwenyewe. Mtoto aliyeachwa anaishi kwenye nafasi hiyohiyo: jana mama alikuwepo, leo hayupo, katikati hakuna aliyemweleza. Basi usisome haraka. Kila ukurasa jiulize: nani hayupo hapa? Macho ya mtoto yanamtafuta nani?

Si mambo ya Bujumbura tu. Hillbrow, jirani zetu upande wa pili wa Yeoville, mwanzoni mwa miaka ya 2000 watoto wakimbizi kutoka Burundi, Rwanda, Kongo na kwingineko walikuwa wakipaka rangi na kubandika picha za maisha yao kwenye masanduku ya safari. Baadhi walifika bila wazazi. Glynis Clacherty, aliyefanya kazi nao, alitoa kitabu mwaka 2006, The Suitcase Stories. Sanduku lina nje na ndani: mtoto anachagua cha kuonyesha watu na cha kufungia.

Wengi wetu tunalea wadogo zetu hapa kwenye vyumba vya kupanga, au tumewaacha nyumbani. Tukiulizwa "mama yuko wapi?" tunajibu "atarudi kesho" ili yaishe. Hayaishi. Bora umwambie mtoto unachokijua, hata kama ni kidogo, na umwambie waziwazi kwamba si yeye aliyemfukuza. Kuhusu Yvonne, tusiwe wepesi kumhukumu, maana vita vilimvunja. Lakini kumwelewa si kusema kwamba hakuwaumiza wanawe.

Maswali ya kujadili:
(a) Yvonne aliwaacha watoto wake lini hasa: alipohama, alipokwenda Rwanda, au aliporudi?
(b) Kuna haja ya aina fulani ya "matanga" kwa aliyeachwa? Yaweje?
(c) Wewe sanduku lako ungechora nini kwa nje, na ndani ungeweka nini?

Someni, tubishane. Wasalaam.