Kuandaa Ruta ya Nyumbani na ya Ofisi Ndogo

Ruta ni chombo kinachounganisha mitandao miwili: mtandao mdogo wa nyumba, shule au ofisi, na mtandao mkubwa wa intaneti ulio nje. Kazi yake yaweza kulinganishwa na ya tarishi wa shule yenye sanduku moja la posta. Barua zote hufika katika sanduku hilo. Tarishi ndiye ajuaye ipi ni ya mwalimu mkuu na ipi ni ya mhasibu.

Anwani

Kila chombo katika mtandao sharti kiwe na anwani. Katika utaratibu uitwao toleo la 4, anwani ina biti 32, nazo huandikwa kama namba nne zenye nukta kati yake, kila namba ikiwa kati ya 0 na 255. Jumla ya anwani ziwezekanazo ni 4,294,967,296. Idadi hiyo haiwatoshi watu wa dunia, sembuse vyombo vyao. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1990 mafungu matatu ya anwani yalitengwa kwa matumizi ya ndani pekee. Fungu mojawapo huanzia 192.168.0.0 hadi 192.168.255.255. Ujumbe unapotoka, ruta huibadili anwani ya ndani kuwa anwani yake ya nje, na kuandika katika jedwali lake chombo kilichoupeleka, ili jibu lipate kumrudia mwenyewe.

Hatua za kufuata

1. Waya wa mtoa huduma huchomekwa katika tundu lenye alama WAN. Kompyuta huunganishwa katika tundu la LAN.

2. Anwani ya ruta, mathalani 192.168.1.1, huandikwa katika kivinjari. Aghalabu imebandikwa chini ya chombo.

3. Neno la siri la msimamizi, lililowekwa kiwandani, hubadilishwa kabla ya jambo jingine lolote.

4. Mtandao wa redio hupewa jina, neno la siri lake, na ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ulinzi wa zamani wa WEP haufai, kwani udhaifu wake ulifichuliwa mwaka 2001.

5. Ruta huwekwa katikati ya jengo, mahali pa juu. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi; ya gigahezi 5 huenda kasi zaidi lakini hayafiki mbali.

Kwa nini hatua ya tatu isirukwe

Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilizunguka katika intaneti ikijaribu orodha fupi ya maneno ya siri ya kiwandani. Kwa njia hiyo iliteka kamera na ruta kwa maelfu. Tarehe 21 Oktoba, vyombo vilivyotekwa viliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti nyingi mashuhuri hazikufikika kwa saa kadhaa. Chombo kilichotekwa kiliendelea na kazi yake ya kila siku. Mwenyewe hakupata dalili ya wazi. Uzembe wa mmoja, basi, huwadhuru wengi asiowajua.

Mazoezi

1. Mtandao wa shule una anwani kuanzia 192.168.1.0 hadi 192.168.1.255. Ya kwanza ni ya mtandao wenyewe, ya mwisho ni ya matangazo kwa wote, na moja ni ya ruta. Vyombo vingapi vyaweza kupewa anwani?

2. Maneno ya siri mangapi yenye herufi 8 yaweza kuundwa kwa herufi ndogo 26? Zikiwa herufi 12, idadi hiyo huongezeka mara ngapi?