Kupanda Hanang Jumamosi, na Dominika Je?



Tangu shule zifunge, swali ninaloulizwa kuliko yote si la uchumba wala la kufaulu mitihani. Ni hili: "Tukipanda Hanang Jumamosi, tukalala huko juu, tukashuka Jumapili mchana, tumetenda dhambi?" Wengine wanauliza kwa utani, ila wengi wana wasiwasi wa kweli. Kuna binti mmoja wa TYCS aliacha kabisa kwenda na wenzake kwa sababu mama yake alimwambia mlima hauna tabernakulo. Nilicheka kwanza. Halafu nikakubali kwamba mama ana hoja, na hoja yake inahitaji kujibiwa vizuri, siyo kukwepwa.

Kabla hujaendelea, fungua Biblia usome Marko 6, mstari wa 30 hadi 34. Ni mistari mitano tu, nakusubiri.

Umeona? Mitume wamerudi kutoka kazini. Wana mengi ya kusimulia, watu wanaingia na kutoka, hata nafasi ya kula hamna. Yesu hawaambii waongeze bidii. Anawatoa pale, anawapandisha chomboni, wanavuka ziwa kwenda mahali pa faragha wapumzike. Yaani mapumziko hapa ni agizo la Bwana mwenyewe. Lakini soma mpaka mwisho: walipofika ng'ambo, watu walishawatangulia kwa miguu. Na Yesu hakukasirika, aliwahurumia akaanza kuwafundisha. Kwa hiyo safari ile ilikuwa na mambo mawili, kupumzika na kuwaona watu. Shikilia hilo la pili, tutalirudia.

Sisi wa Mbulu na Hanang tuna bahati ya kuielewa Injili kwa macho, kwa sababu sehemu kubwa ya Injili inatokea mlimani na ziwani. Yesu alikesha mlimani akisali kabla ya kuwachagua wale Kumi na Wawili (Luka 6:12). Baada ya kufufuka aliwaandalia wanafunzi samaki juu ya makaa kando ya ziwa (Yohane 21). Kijana wa mjini inabidi afikirie hayo kichwani. Wewe wa Katesh ukifungua mlango asubuhi unauona mlima wa mita 3,417 umekusimamia. Chini yake kuna Ziwa Balangida, la chumvi, ambako watu wanakusanya chumvi maji yakikauka. Upande wa magharibi kuna Basotu, ziwa la maji baridi lililokaa kwenye kreta, lina wavuvi wake. Wa Mbulu mnalo Tlawi. Mkishuka kuelekea Babati kuna ziwa jingine, lenye viboko, na huko naomba tuwe wakweli: kuogelea si utalii, ni kujitafutia msiba.

Wapo wanaodhani mambo ya milima na mitumbwi ni ya watalii, mtu wa Mungu anatakiwa akae kwenye benchi la kanisa. Karol Wojtyła, aliyekuja kuwa Papa Yohane Paulo II, alipokuwa padre kijana huko Poland alikuwa akiwapeleka vijana milimani na kwenye maziwa kwa mitumbwi. Serikali ya kikomunisti haikutaka mapadre waongoze makundi ya vijana, kwa hiyo vijana walimwita "mjomba" tu. Misa waliadhimisha hukohuko, mtumbwi uliopinduliwa ukawa altare. Mwaka 1958 habari za kuteuliwa kuwa askofu msaidizi zilimkuta akiwa kwenye safari ya namna hiyo.

Halafu yupo Mtakatifu Pier Giorgio Frassati wa Torino, Italia, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025 pamoja na Carlo Acutis. Alifariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24 tu. Alipenda milima kama vijana wa siku hizi wanavyopenda mpira, na alipenda utani na marafiki. Lakini alikuwa mtu wa Komunyo ya kila siku, na fedha zake nyingi ziliishia kwa maskini wa mji wake bila familia kujua. Kwake milima na Ekaristi havikuwa vitu viwili vinavyogombania siku moja.

Sasa turudi kwenye swali. Kanisa linafundisha kwamba kushiriki Misa ya Dominika ni wajibu, na kuiacha kwa makusudi bila sababu nzito ni dhambi kubwa. Sababu nzito ni kama ugonjwa au kulea mtoto mchanga. "Tulikuwa na ratiba ya kupiga picha kileleni" haimo. Ila Sheria za Kanisa, kanuni ya 1248, zinasema pia kwamba wajibu huo unatimizwa kwa Misa ya siku yenyewe au ya jioni inayotangulia. Kwa hiyo jibu la kwanza ni rahisi: kama parokia fulani ina Misa ya Jumamosi jioni, hudhurini hiyo, lalaneni hapo, pandeni Dominika. Au pandeni Jumamosi alfajiri mshuke siku hiyohiyo. Wenye mwili wa mazoezi wanaweza, ingawa ni safari ya kutwa nzima na magoti yatakusimulia Jumatatu.

Kiukweli vigangoni mambo si rahisi hivyo. Vigango vingi padre hafiki kila Dominika, na Misa ya Jumamosi jioni hamna kabisa. Hapo msijiamulie wenyewe kwenye grupu la WhatsApp. Mwendeeni paroko mapema, wiki mbili kabla, mkiwa na ratiba mkononi. Paroko ana mamlaka ya kuwapa ruhusa kwa sababu ya haki, na anaweza pia kuwashauri mhudhurie Ibada ya Neno na katekista kabla ya kuondoka. Mara nyingi atawashangaza: atasema anakuja nanyi.

Jambo ambalo karibu hakuna anayeliuliza, na mimi naliona zito kuliko hilo la kwanza, ni hili: yule anayewaongoza mlimani naye ana Dominika. Anaweza kuwa kijana wa Katesh, mbatizwa kama wewe, ana jumuiya yake, labda ni mwimbaji wa kwaya. Dereva wa Noah aliyewaleta ndivyo hivyo. Mama anayewapikia chakula cha kushukia naye ni hivyo. Katekisimu, namba 2187, inamtaka kila Mkristo asiwatwishe wengine mahitaji yasiyo ya lazima yatakayowazuia kuishika siku ya Bwana. Kwa hiyo kundi linaloenda Misa ya jioni halafu linamkodi mwongozaji Dominika nzima bila hata kumuuliza anasali saa ngapi, limejiokolea nafsi zake na kumsahau jirani. Muulizeni. Mkiweza, salini naye.

Hapo tunafika kwenye umati wa ng'ambo ya ziwa.

Dominika ya Kwanza ya Majilio mwaka 2023 ilikuwa tarehe 3 Desemba. Asubuhi ile, saa ambazo familia nyingi zinajiandaa kwenda kanisani, baada ya mvua kubwa sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Ikageuka tope, ikashuka na mawe na miti mpaka Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi na Jorodom vikiwemo. Watu zaidi ya 80 walifariki. Njia inayotumiwa sana kupanda mlima ndiyo inayoitwa Jorodom. Yaani ukienda kupanda, unapita kwa watu waliozika.

Nimeshaona kundi likipita pale na spika inapiga muziki, vijana wanacheka, na mzee mmoja amekaa nje ya nyumba yake anawatazama tu. Hakusema neno. Sisemi msicheke. Nasema zimeni spika mkiwa vijijini, amkieni watu, "shikamoo mzee, shikamoo mama," simameni kidogo. Kabla ya kuanza kupanda salini fumbo moja la rozari kwa ajili ya marehemu wale. Kama kundi ni kubwa na mmechanga fedha, tengeni kidogo, muulizeni mwenyekiti wa jumuiya ya pale kama kuna mjane au yatima wa kutembelewa. Saa moja tu. Kilele hakitahama.

Kuna na hili la imani za wazee wetu. Wabarbaig wanauheshimu Hanang kama mlima mtakatifu tangu zamani. Kwa Wairaqw, Lo'aa ndiye muumba mwenye huruma, na kwenye chemchemi na mito kulikaa netlangw, roho wa majini, kwa hiyo watu walizikaribia chemchemi kwa woga. Sisi hatuogopi chemchemi wala hatutoi sadaka kwake, maji yameumbwa na Mungu mmoja. Ila usiwacheke wazee. Woga ule angalau ulifanya maji yasichezewe ovyo, na leo sisi tuliobatizwa kwa maji ndio tunaacha chupa za plastiki juu ya chanzo cha maji cha kijiji kizima. Papa Fransisko aliandika Laudato Si' mwaka 2015, na humo amegusia hata pumziko la Dominika pamoja na utunzaji wa viumbe. Someni namba 237 jioni mkiwa kambini, ni fupi. (Na kama kuna mzee anayejua slufay, sala ile ya baraka ambayo mmoja anatamka na wengine wanaitikia, mwombeni awasimulie. Ukiisikia utakumbuka litania zetu.)

Ya vitendo, haraka haraka. Mlima uko ndani ya hifadhi ya msitu, kwa hiyo kibali kinachukuliwa Katesh kwa TFS, msipande kimagendo. Msitegemee kupata maji njiani: kila mtu abebe lita tatu au zaidi, hata kama ni mzito. Juni mpaka Agosti kwetu ni kipupwe, juu kuna upepo unaoingia mpaka mifupani, bebeni masweta na si fulana tu. Wasichana na wavulana walale mbali na awepo mlezi mtu mzima, hili halina mjadala. Kwenye maziwa ya maji baridi kumbukeni kichocho. Pombe ibaki nyumbani kwa muuzaji.

Maswali ya kujadili kwenye VIWAWA au TYCS, kabla ya safari na si baada: Katika kundi letu ni nani hajawahi kuja kwenye matembezi kwa sababu Jumamosi anachunga au anauza sokoni, na tumewahi kumwuliza siku gani inamfaa? Tukifika kileleni, dakika kumi za kwanza tutazitumia kwa simu au kwa ukimya? Na ratiba yetu ina jina la nani mbele ya neno "Misa", saa ngapi, parokia gani?