Kitimoto, Siku za Mwezi na Amri Kumi: Je, Torati Bado Inatubana?



Vijana wenzangu, kuna swali ambalo Mkatoliki yeyote anayeishi na watu wa madhehebu mengine ameshaulizwa, iwe hosteli, iwe kwenye daladala: "Ninyi mnakula kitimoto wakati Walawi 11 inakataza. Halafu mnasema Amri Kumi lazima zishikwe. Mbona mnachagua?" Wengi wetu hapo tunacheka tu na kubadilisha mada. Leo tusibadilishe.

Tuanze na nyakati. Mungu hakutoa maagizo yake yote siku moja. Nuhu, baada ya gharika, aliruhusiwa kula nyama ya kila kiumbe, ila isiwe na damu (Mwa 9). Abrahamu alipewa tohara (Mwa 17). Sheria ya vyakula najisi alikuwa haijui, kwani Mt. Paulo anakumbusha kwamba Torati ilikuja miaka 430 baada ya ahadi (Gal 3:17), na bado Abrahamu alihesabiwa haki kwa imani. Kisha Musa na Sinai, halafu Daudi na manabii, mpaka Kristo. Mpangilio huo Paulo anauita uwakili, yaani kazi ya msimamizi wa nyumba anayejua nani apewe nini na saa ngapi. Mtoto hupewa uji, mkubwa hupewa ugali. Nyumba ni ileile na Baba ni yuleyule.

Hapo watu wamekosea kwa njia mbili. Marcion, aliyetengwa na Kanisa la Roma mwaka 144, alisema Mungu wa Agano la Kale ni mwingine kabisa. Kanisa likamkatalia, na Mt. Ireneo akaandika kwa nguvu kwamba Mungu ni mmoja anayewalea watu hatua kwa hatua. Karne ya 19 akaja John Nelson Darby, na baadaye Biblia yenye maelezo ya Scofield (1909), iliyogawa historia katika vipindi saba, kila kimoja na jaribio lake. Mafundisho hayo utayasikia hata kwenye mahubiri ya redio. Sisi hatuigawi hivyo. Kristo ndiye aliyekuwa analengwa tangu mwanzo, na waliookoka kabla yake waliokolewa kwa neema yake.

Sasa tuje kwenye Torati yenyewe. Mt. Tomaso wa Akwino aliona ndani yake maagizo ya aina tatu. Kuna ya maadili: usiue, usizini, waheshimu wazazi. Kuna ya ibada: sadaka, tohara, vyakula, unajisi. Na kuna ya hukumu, yaani sheria za nchi ya Israeli, kama fidia ya ng'ombe aliyeibwa na adhabu ya kupigwa mawe. Ya ibada yalikuwa kivuli cha Kristo. Mwenyewe akishafika, kivuli kimemaliza kazi. Ya hukumu yaliisha pamoja na taifa lile lilivyokuwa. Ya maadili yanabaki, kwa sababu hayakuanzia Sinai. Kaini aliua kabla ya Musa kuzaliwa na bado alikuwa na hatia.

Mtazame Yesu na yule mwanamke aliyefumaniwa (Yn 8). Mawe yalirudi chini. Uzinzi ukabaki dhambi, maana alimwambia asiirudie.

Kwa hiyo kitimoto? Marko anasema wazi kwamba Yesu alivitakasa vyakula vyote (Mk 7:19), na Petro alionyeshwa hivyo huko Yafa (Mdo 10). Mitume walipokutana Yerusalemu (Mdo 15) hawakuwabebesha watu wa mataifa nira ya Musa, ingawa waliwaomba waepuke damu na vilivyonyongwa. Hili nalo Mtaguso wa Firenze ulilieleza mwaka 1442: agizo lilikuwa la kuwawezesha Wayahudi na watu wa mataifa kukaa meza moja, na sababu ilipoisha, agizo likaisha. (Ndugu zetu wa Kilimanjaro na kisusio chenu, pumueni.) Ila ukikaa na mwenzako ambaye dhamiri yake inaumia, Rum 14 inakutaka umfikirie kabla ya kuagiza sahani.

Hadi hapo tunaweza kucheka. Lipo jambo lisilochekesha. Wapo wasichana wanaokaa benchi la nyuma na kuacha Komunyo kila mwezi kwa sababu wako kwenye siku zao. Mtu amewaambia Walawi 15, nao wameamini kwamba Mungu anawaona wachafu.

Dada yangu, soma sura ile vizuri. Unajisi ule haukuwa dhambi. Aliyemzika baba yake alikuwa najisi (Hes 19), na kumzika mzazi ni tendo jema. Mama Maria alitimiza siku za utakaso baada ya kumzaa Bwana (Lk 2:22), na yeye hana dhambi. Lilikuwa jambo la ibada ya hekalu, na ibada ile imekwisha. Kisha soma Mk 5. Mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 aligusa vazi la Yesu. Kwa Torati, mguso wake ulipaswa kumnajisi. Ikawa kinyume: nguvu ikatoka kwa Yesu, yeye akapona, na mbele ya umati akaitwa binti. Majibu ya Papa Gregori Mkuu kwa Augustino wa Canterbury, yaliyohifadhiwa na Mt. Beda katika historia aliyoimaliza mwaka 731, yanamtaja huyuhuyu na kusema mwanamke aliye katika siku zake asizuiwe kanisani wala kwenye Komunyo. Kinachotakiwa kwako ni kilekile anachotakiwa kaka yako: usiwe na dhambi ya mauti, na ufunge saa moja kabla ya kupokea.

Upande wa pili wapo wanaosema, "Tuko chini ya neema, sheria ilikufa msalabani," halafu wanaishi chumba kimoja bila ndoa. Paulo aliulizwa hilo mapema, na akalikataa kwa ukali (Rum 6:15). Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, uliwapinga wanaosema Amri Kumi haziwahusu Wakristo. Kijana tajiri alipouliza njia ya uzima, Yesu alianza na amri (Mt 19:17). Na mlimani alizichimba zaidi: usizini ikafika hadi kwenye macho. Sheria mpya ni Roho Mtakatifu mwenyewe akiandika moyoni, kama alivyoahidi Yeremia (31:33), na anakupa uwezo wa kutimiza kile ambacho jiwe liliamuru tu.

Jamani, najua wengine mnaishi pamoja kwa sababu mahari haijakamilika au fedha ya sherehe haipo. Ndoa ya Kanisa haihitaji ukumbi wala kamati. Inahitaji ninyi wawili mlio huru, padre na mashahidi wawili. Nendeni mkaonane na paroko wiki hii, muulizeni matangazo yanaanza lini.